Maskati ni Kama Tanga

Saa ya ukutani iliyoko sebuleni kwangu, Kunduchi, iko mbele kwa saa moja. Wanangu wamechoka kunikumbusha. Mkubwa alipanda kiti siku moja airekebishe, nikamshusha kwa ukali ulionishtua hata mimi mwenyewe, kisha nikampa biskuti badala ya kumwomba msamaha. Mume wangu hajauliza kitu. Anajua ilitoka kwa Mama, na anajua kwamba tangu arobaini ipite mimi si mtu wa kuulizwaulizwa.

Ni saa ya plastiki, ya duara, ukingo wa buluu, ya bei ya chee kabisa. Niliikuta kwenye sanduku la Mama chini ya kanga ambazo hazijavunjwa hata mkunjo, imeviringishwa gazeti, haina betri. Nilipoifungua ikanipiga harufu ya ubani na vidonge vya mende, nikakaa kitako sakafuni. Nilikuwa na miaka tisa tena, nimesimama chumbani kwa Bibi, Kiwalani, nangoja ndege ipite ili nisikie anachosema.

Aliyekulia Kiwalani hahitaji kuelezwa habari za ndege. Zilishuka juu yetu hadi mabati yakatetemeka na mifuniko ya sufuria ikagongana yenyewe kichanjani. Bibi, mama yake Mama, alikuwa na mtindo wake: ndege ikija alinyamaza katikati ya neno, mkono juu, na ikishapita aliendelea palepale alipoachia, hata kama alikuwa anatukana. Wageni walicheka. Sisi wa nyumbani tulikuwa tumeshazoea kwamba maneno yote duniani yana tundu katikati. Upepo ukigeuka ulituletea harufu ya machinjio ya Vingunguti, Bibi akafunga dirisha kwa ngumi, na asubuhi yote ilifunikwa na harufu ya vitumbua vyake, ambavyo ndivyo vilivyotulisha.

Vitumbua havikutosha kunisomesha. Ndiyo maana Mama akaenda Maskati kufanya kazi za ndani. Baba simtaji kwa sababu na yeye hakuwahi kututaja. Mama aliondoka jioni, na Bibi akakataa twende uwanjani kumsindikiza. Alisema kusindikiza ni kulia mara mbili, na machozi yake yalikuwa ya mara moja tu. Badala yake tulisimama uani na kanga mkononi tukingoja apite juu. Zilipita ndege tatu. Tulizipungia zote, maana hatukujua yake ni ipi.

Kesho yake nilitumwa sukari dukani kwa Ami Seif. Alikuwa Mwarabu wa mtaani kwetu, mzaliwa wa hapahapa kama baba yake, mwenye ndugu Maskati na safari mbili za huko ambazo alizisimulia kana kwamba ni ishirini. Mizani yake haikuwahi kumdhulumu mtu. Hilo nalitaja kwa sababu ndilo lililoniponza.

"Shikamoo Ami. Eti Maskati ni mbali?"

"Marahaba, binti. Mbali? Nani kakwambia mbali?" Aliendelea kumimina sukari. "Unapanda hapa, unaletewa chakula, unasinzia kidogo, unashuka. Masaa matano na nusu tu. Kwani kwenu kwa asili wapi?"

"Tanga."

"Basi la Tanga linachukua masaa mangapi?"

"Matano. Likisimamasimama, sita."

"Haya sasa. Maskati ni kama Tanga tu. Usilie."

Sikuwa nalia, lakini nilipokea neno lake kama nilivyopokea kilo ya sukari, bila kuipima tena nyumbani. Shuleni walioniuliza mama yako yuko wapi niliwajibu yuko karibu, ni kama Tanga. Mtoto mmoja alisema Maskati ni ng'ambo ya bahari. Nikamwambia yeye hajui kitu, bahari haihesabiwi, kinachohesabiwa ni masaa.

Ami Seif ndiye aliyetupa saa hii. Bibi alikuwa anapiga simu wakati mbaya, Mama yuko katikati ya kazi na hawezi kupokea, na Ami akagundua kwamba tumesahau kuwa kule wako mbele yetu kwa saa moja. Akaleta saa ya plastiki kutoka rafu ya juu, akaipuliza vumbi, akaipigilia msumari kando ya ile ya zamani. "Hii ya hapa," alimwambia Bibi, "hii ya Mwanaidi." Kuanzia hapo ukuta wetu ulikuwa na mishale minne na Bibi hakukosea tena. Ijumaa, saa ya Mama ikifika kumi, Mama mwenyewe alipiga na simu ya kitochi ikalia.

Sasa mimi na akili zangu za miaka tisa nilifanya hesabu. Kama kwetu ni saa tisa na kwa Mama ni saa kumi, basi Mama ameshaiona saa kumi. Ameshapita. Anajua kilichomo. Ijumaa iliyofuata nilinyakua simu kwa Bibi.

"Mama, saa kumi kukoje?"

"Kukoje vipi?"

"Si umeshafika huko? Mvua itanyesha?"

Nikasikia anacheka, kicheko cha kujizuia, cha mtu aliye kwenye nyumba ya watu. "Itanyesha mwanangu. Mwambie Bibi aanue nguo."

Tulianua nguo. Ilinyesha. Ulikuwa msimu wa masika, ingekuwa ajabu isinyeshe, lakini nani angenieleza hayo? Kila Ijumaa nikawa namwuliza Mama ya mbele na yeye ananijibu. Leo mtakula maharage. Leo mwalimu atakuja kuuliza ada, mwambie wiki ijayo. Mara nyingi ilikuwa kweli, kwa sababu maharage tulikula kila siku na mwalimu aliuliza kila wiki. Nililala vizuri miezi ile. Nilikuwa na mama mahali pa karibu kama Tanga, amenitangulia saa moja, anaangalia kama njia ni salama.

Bibi alikuwa na presha. Tulijua, na alijua, na alikuwa anameza vidonge siku akikumbuka. Alfajiri ile aliswali, akaniamsha, akaniambia nikoroge unga wa vitumbua wakati anawasha jiko. Niliporudi na mwiko alikuwa amekaa chini ameegemea ukuta, mkono umeinuliwa kidogo juu ya goti, kama anavyofanya ndege ikipita. Nikangoja. Nilisimama pale na mwiko wangu nikingoja ndege ipite ili aendelee, na ilinichukua muda kugundua kwamba hakuna ndege.

Aliyekuja mbio ni Mama Zuwena, jirani yetu wa ukuta mmoja. Ndiye aliyemlaza, akamfunga kidevu, akaita wanaume, akatoa simu ya Bibi chini ya mto. Alimpigia kwanza Mjomba Bakari, kaka yake Mama, aliyekuwa akikaa Tanga. Mjomba akasema anakwenda stendi sasa hivi. Kisha akampigia Mama. Haikuwa Ijumaa, nikadhani hatapokea, akapokea. Sikusikia alichosema. Nilisikia sauti nyembamba inatoka kwenye simu, na Mama Zuwena anasema, "Mwanaidi, jikaze. Mwanaidi. Jikaze, mtoto yuko hapa," kisha akanipa simu.

Ninayakumbuka maneno yangu yote. Natamani nisingeyakumbuka.

"Mama, wewe si uko mbele? Kwa nini hukutuambia?"

Nilisikia anavuta pumzi.

"Basi panda ndege sasa hivi," nikasema. Niliangalia ukutani. Saa yetu ilikuwa saa moja na nusu, yake saa mbili na nusu. "Ni masaa matano na nusu tu. Saa saba yetu utakuwa umefika. Mjomba anapanda basi sasa hivi na yeye. Mtakuja pamoja."

Kisha Mama akasema, "Ndiyo mwanangu. Nakuja. Nisubiri."

Nilitoka uani nikawatangazia watu. Mama anakuja! Wanawake waliokuwa wanatandika mikeka walisimama kwanza, wakatazamana, mmoja akashika mdomo. Hakuna aliyenikatalia. Ni desturi yetu kwamba maiti hacheleweshwi, na kila akifa mtu swali la mwanzo la masheikh ni lilelile: kuna wa kusubiriwa? Siku ile aliuliza mzee wa msikiti wetu, na wanaume barazani wakajibu yupo, tutazika baada ya alasiri. Nilipolisikia hilo moyo ulinitulia kabisa. Nilijua wanamsubiri Mama.

Walikuwa wanamsubiri Mjomba Bakari. Ila mtoto huelezwa lini mambo kama hayo? Kila mmoja alidhani mwenzake ameshanieleza, au kila mmoja alimwachia mwenzake.

Asubuhi ile yote barazani walikuwa wakimfuatilia Mjomba kwa simu. Mtu mmoja alikuwa anapiga, anasema kwa sauti ili wote wasikie: "Kafika Muheza." Baada ya muda: "Kashapita Segera." Nikasogea.

"Na Mama kafika wapi?"

Yule bwana alinitazama, akatazama simu yake, akasema mtandao wa ndegeni haushiki. Sasa hivi nikimkumbuka sina hasira naye. Ni uongo ambao hata mimi ningeusema. Wakati ule ulinitosha. Nilirudi ndani nikaangalia saa zote mbili nikafanya hesabu upya, maana ilinijia kwamba Mama akija kwetu anarudi nyuma, kwa hiyo kuna saa moja ya bure anaipata njiani. Nikafurahi kwa ajili yake. Ndoo ya unga wa vitumbua ilikuwa bado pale pembeni, hamira imefanya kazi yake, unga umeumuka hadi umesukuma mfuniko na kutiririka sakafuni, na chumba kizima kinanuka uchachu. Hakuna aliyekuwa na mkono wa kuushughulikia. Hadi leo mimi vitumbua sipiki.

Saa sita nilitoka kwenda kwenye kona ambapo kichochoro chetu kinaungana na barabara. Nilichukua kanga ya Mama, ile aliyoiacha kwenye msumari, ili akishuka kwenye teksi nimpe ajifunike kabla hajaingia msibani. Nilikuwa nimeshapanga yote. Nikimwona tu nitakimbia mbele yake hadi nyumbani nikipiga kelele: Amefika! Amefika! Nilijizoeza kimyakimya, midomo ikicheza. Kila ndege iliyoshuka niliipa muda wa Mama kuchukua mzigo wake, kutafuta teksi, kubishana bei, kuja. Kisha ikashuka nyingine, nikaanza tena kuhesabu.

Saa tisa aliyefika ni Mjomba Bakari, kwa bodaboda, shati limeloa jasho mgongoni, vumbi hadi kwenye kope. Alinibeba. Nilimwuliza kwa nini hawakuja pamoja. Alidhani namwuliza habari za mkewe, akasema yeye atakuja kesho na watoto.

Adhana ya alasiri ilipoisha walitoa jeneza. Wanawake hubaki nyumbani, hilo nilikuwa nalijua. Lakini walipolibeba hadi kichochoroni nilijipenyeza kati ya miguu ya wanaume nikasimama mbele yao, katikati, nimetanua mikono. Kichochoro chetu ni cha watu wawili kupishana kwa ubavu. Mtoto mmoja alitosha kukifunga.

"Bado! Mama hajafika!"

Wakasimama. Wa nyuma hawakujua kuna nini, wakaendelea kusukuma, jeneza likayumba, na tahlili ikakatika. Wakati uleule ikapita ndege, chini, kubwa, watu wote wakanyamaza, na mimi nikanyoosha kidole juu.

"Ndiyo ile! Anashuka! Mngojeni, anashuka!"

Wanaume wazima waliokuwa wamebeba jeneza begani waliangalia juu. Nakumbuka macho yao. Mjomba Bakari alikuwa mbele kulia, na mdomo wake ulianza kucheza kama wa mtoto. Hakuweza kutoka mahali pake. Aliyenitoa ni Ami Seif. Alinichukua kwa mikono miwili bila neno, akaniegemeza ukutani, akajiweka yeye mbele yangu ili wapite, na nikawasikia wakipita nyuma ya mgongo wake, viatu vingi, na tahlili ikaanza tena taratibu.

Walipoisha alinikalisha kwenye ngazi ya duka lake.

"Nani kakwambia mama yako anakuja leo, binti?"

"Mwenyewe kasema. Na wewe ulisema."

"Mie?"

"Masaa matano na nusu. Ulisema ni kama Tanga. Mjomba katoka Tanga, kafika. Kwa nini Mama hajafika?"

Ami Seif alikuwa mtu wa maneno. Hakuwahi kukosa jibu, awe anaongea na afisa wa manispaa au mlevi. Safari hii alivua kofia, akaiweka gotini, akaanza kulia na mimi namwangalia. Sikuwahi kumwona mzee analia. Nilidhani analilia kosa lake, kisha nikakataa: Ami, ambaye mizani yake haidanganyi, hawezi kukosea kuhusu masaa, kwa hiyo aliyekosea ni Mama. Njia ilikuwa fupi, hakutaka kuja. Nililimaliza hivyo, pale ngazini, na nililishika miaka mingi.

Nilipoingia ndani nilipanda kiti nikatoa betri kwenye saa ya Mama. Mshale ulisimama saa kumi na moja na dakika kadhaa. Ya kwetu iliendelea.

Baada ya matanga Mjomba alinichukua Tanga. Nilikaa dirishani. Na hapo ndipo nilipoyapima masaa matano kwa mwili wangu mwenyewe. Chalinze tulinunua mahindi ya kuchoma, nikasema moyoni, hata hapa angekuwa yuko nusu ya anga. Segera nilisinzia nikaamka, nikasema, na usingizi wenyewe umo ndani yake. Muheza watu waliuza machungwa madirishani. Mjomba alinimenyea moja na sikulila. Tulipoingia Tanga miguu yangu ilikuwa imekufa ganzi kidogo tu. Nikaona kumbe ndiyo hivi, kumbe ndiyo hiki kilichomshinda.

Mama aliendelea kupiga simu kila Ijumaa, sasa kwa Mjomba. Nilikuwa nakwenda chooni. Nilikaa huko hadi simu iishe, mke wa Mjomba akibisha mlango, "Mama yako anataka akusikie sauti tu, hata shikamoo." Sikutoka. Mtoto wa miaka tisa hana uwezo mkubwa duniani, lakini huo nilikuwa nao, na niliutumia wote.

Mkataba wake ulipoisha alirudi. Alikuja Tanga kunichukua akiwa amenenepa uso na amekonda mikono, na blanketi kubwa la maua, na ubani. Nilimwamkia vizuri. Nilimtii. Tulirudi Kiwalani kwenye chumba kilekile, akaanza kuuza vitambaa kwa mkopo mitaani, nikasoma, nikafaulu, nikaolewa, na katika muda wote huo hatukuitaja siku ile hata mara moja. Alikwenda kaburini kwa Bibi peke yake. Mimi nilikuwa binti mzuri kwa macho ya watu. Mama alijua kuna chumba hafunguliwi, akakaa nje ya mlango wake kwa adabu.

Mwaka jana, mwanangu mdogo alikuwa ananisumbua na maswali ya shule, nikaandika kwenye simu, mchezomchezo: kutoka Dar es Salaam hadi Maskati. Ikanijibu, kilomita kama elfu nne, masaa matano na nusu kwa ndege. Niliangalia lile jibu muda mrefu. Ami Seif, Mungu amrehemu, hakunipunja hata dakika. Wiki ileile nilikwenda Kiwalani, nikamkuta Mama anachambua mchele, nikakaa naye kando ya ungo, na maneno yakatoka yenyewe bila salamu ya kuyatanguliza.

"Mama, ilikuwa masaa matano na nusu."

Hakuuliza nini. Vidole vyake viliendelea kutafuta chuya.

"Najua. Nilikuwa nayahesabu."

Akanieleza, macho kwenye mchele. Alipomaliza kuongea nami kwenye simu alivaa baibui, akatia nguo zake kwenye mfuko, akaenda kwa bi mkubwa wa nyumba kumwomba pasipoti. Pasipoti ilikuwa kabatini, kabati limefungwa, ufunguo anao bwana, na bwana yuko safarini hadi wiki ijayo. Bi mkubwa alimpigia mumewe, hakupatikana. Akampigia tena.

"Wala hakunitukana. Watu wanasema mengi juu ya kule, lakini yule mama siku ile alilia na mie. Alinipa chai. Ila ufunguo hakuwa nao. Nikakaa na mfuko wangu jikoni, karibu na mlango, nikasema labda bwana atapiga, labda kuna ufunguo wa pili. Nilipokwambia nakuja sikukudanganya, mwanangu. Nilikuwa najua nakuja."

"Ulikaa mpaka saa ngapi?"

Aliinua mkono wa kushoto, mkono mtupu, akaushika pale saa inapokaa. "Nilikuwa na saa ndogo ya mkononi, unaikumbuka? Nilipofika kule kila mtu alibadilisha yake. Yangu sikuigusa. Ilikuwa saa ya hapa. Nikiitazama najua sasa unatoka shule, sasa Bibi anakuita ule. Basi siku ile nilikaa nayo. Saa saba nikasema, sasa ningekuwa nashuka. Saa kumi nikajua mnamtoa. Ndipo nikavua baibui nikawasha jiko, watoto wa watu hawajala."

Ilipita ndege. Tulinyamaza wote wawili, mikono juu ya ungo, hadi ikaisha.

"Mie niliziba kichochoro kwa ajili yako," nikasema. "Nilizuia jeneza."

"Bakari aliniambia," alisema Mama. "Ndicho kitu pekee kilichonifurahisha mwaka ule. Kwamba kuna mtu alinisubiri."

Nililia kama nilivyopaswa kulia ngazini kwa Ami. Mama alinifuta kwa ncha ya kanga, akasema niache kuloanisha mchele. Tulipika, tukala. Kuondoka kwangu nilimwahidi kwamba sasa nitakuwa nakuja kila Jumapili. Nilikuja Jumapili kadhaa. Kisha likatokea hili, likatokea lile. Kutoka Kunduchi hadi Kiwalani, barabara ikiwa nyeupe, ni saa moja tu. Nilimpigia simu. "Jumapili hii nimebanwa, Mama, ijayo nakuja." Akasema hamna shida mwanangu, nipo. Nilimwambia hivyo Jumapili tatu.

Asubuhi moja aliyenipigia ni Mama Zuwena, sauti imezeeka, lakini namna ileile. "Jikaze, mwanangu. Jikaze uje."

Nilichukua teksi. Mwenge palikuwa pamefungana, magari yamelala. Simu ikalia, sauti ya kiume nisiyoijua, na nyuma yake nikasikia minong'ono ya baraza zima. "Dada, umefika wapi? Sheikh anauliza." Nikasema Mwenge. Ikalia tena. Nikasema Ubungo. Ikalia tena, nikasema Tazara, na nikamsikia akiwageukia wenzake akitangaza: "Kafika Tazara!" Nilijua wamekaaje. Nilijua wameulizana nini asubuhi, kuna wa kusubiriwa, na wakajibu yupo, mwanawe, anatokea Kunduchi.

Teksi haiingii kichochoroni kwetu. Nilishuka kwenye ile kona. Alikuwepo mtoto wa kike amesimama pale, kitukuu cha Mama Zuwena, na kanga imekunjwa mikononi, ameshatumwa muda mrefu kwa jinsi alivyokuwa amechoka kusimama. Alinitazama usoni, akataka uhakika.

"Wewe ndo yule wa Kunduchi?"

Nikasema ndiyo. Akanipa kanga, akageuka, akakimbia mbele yangu kwenye kichochoro, ndala zikimpiga visigino, akipiga kelele kwa sauti yake yote:

"Amefika! Amefika!"